Hodi Sita

Ufunguo umekwenda msibani Bahi
ndani ya mfuko wa koti la mhasibu Chidawali,
na kompyuta ya chama imelala nyuma ya mlango wa chuma,
imelalia uzito wa zabibu zetu zote.

Saa moja asubuhi, Hombolo, mwezi wa saba.
Upepo umezoa vumbi la barabara ya bwawani
unalimwaga juu ya turubai la lori.
Dereva anatazama saa. Zabibu hazitazami saa,
zinavuja tu, kreti juu ya kreti,
na nyuki wamekwisha kupata habari.

Mimi ni fundi. Niko chumba cha mizani, ng'ambo ya ua,
na laptopu iliyopasuka kioo pembeni
na waya wa buluu nilioufukia mwenyewe mwaka juzi
ndani ya bomba la maji, chini ya njia ya mbuzi.

"Unampigia nani?" akauliza Bi Nhembo.
"Ninaiamsha mashine iliyo kule ndani."
"Kwani imelala?"
"Imelala, ila sikio moja liko macho.
Nyuma yake kuna kitaa cha kijani, kidogo kama punje ya uwele."

Nikamweleza: kwanza hodi, mara sita,
kisha jina, herufi na tarakimu kumi na mbili,
jina ililotoka nalo kiwandani,
nalirudia mara kumi na sita bila kupumua.
Wote walio kwenye waya watasikia,
printa, mizani, kamera ya getini;
atakayeinuka ni mwenye jina.

"Kumi na sita! Marehemu mzee wangu
aliamka kwa mara ya pili,
na ile ya kwanza alikuwa anajifanya."

Nikabonyeza.
Lugha hii haina karibu.
Huambiwi kama umesikika au umekataliwa.
Kwetu hodi ni tatu, kimya kikizidi unarudi ulikotoka.
Nikavuka ua, nikabandika sikio kwenye chuma baridi.
Ndani: saa ya ukutani. Panya, labda.

Nikarudi. Nikabonyeza. Nikavuka ua.
Saa ya ukutani.

Dereva akawasha injini, akaizima, kunitisha.

Nikafungua daftari langu, ukurasa ulionywa chai.
Ile 8... hapana. Ni B,
B iliyofungwa tumbo na haraka yangu ya mwaka juzi.
Asubuhi yote nimemwita asiyekuwepo,
kwa adabu zote, mara thelathini na mbili.

Nikasahihisha.
Hodi hodi hodi
hodi hodi hodi

Safari hii sikuvuka. Alivuka Bi Nhembo,
akakaza kitenge, akaegemeza shavu mlangoni,
kisha mkono wake ukapanda juu:
"Kuna kitu kinavuta pumzi humu!"
Feni. Na chini ya mlango, uzi wa mwanga.

Hapo ndipo nikakumbuka.
Chidawali kila jioni huzima swichi ya ukutani, tap!
"Umeme wa Luku si wa kuchezea, fundi,"
na kile kitaa cha kijani hufa.
Juzi simu ya msiba ilimkuta kizingitini.
Akatoka hivyo hivyo.
Sikumwambia mtu.

Namba zikaja kwa waya, mstari kwa mstari:
Nhembo, kreti thelathini na nne,
kilo mia sita na kumi na mbili.
Akaniomba nirudie. Alikuwa amesikia vizuri,
alitaka tu isemwe tena.

Lori likaondoka na nyuki wake.
Nimebaki na kazi ya kuilaza,
kidole juu ya kitufe, na akili yangu iko Bahi,
ambako mtu anaitwa tangu juzi,
jina lake lenyewe, bila kosa la herufi,
na waliomzunguka wamekwisha kupita kumi na sita.

Nikaiacha iwake.