Asilimia Saba

Saa kumi alfajiri natoka depo ya Mullingar,
tani nane za chumvi mgongoni mwa lori,
nainyunyizia lami hadi Kinnegad
kabla barafu haijashika miguu ya watu.
Nyuma yangu sahani inazunguka, inatema chembe,
kama mtu apandaye mbegu asizotaka ziote.

Saa moja niko jikoni.
Glavu zinanuka dizeli.
Navunja shingo ya kichupa cha plastiki:
mililita nne, asilimia saba.
Kule tani; hapa, matone.
Muireann keshavuta ile pampu ya buluu,
amekaa juu ya meza, alipokatazwa na mama yake,
kinyago usoni, mashine ikinguruma
kama friji yenye kinyongo.

“Leo ni chungu,” asema ndani ya ukungu.
Si chungu, ni chumvi.
“Basi chumvi yenye hasira.”

Daktari Gormley alinichorea nyuma ya bahasha:
huku mapafu, huku ute mzito kama gundi.
Chumvi ikifika huita maji,
maji huja, ute hulegea,
mtoto hukohoa. Ndiyo yote.
Sikumwambia kwamba kazi hiyo naijua,
kwamba mwaka wa kumi na moja huu nalipwa mshahara
kulegeza kilichoshikamana.

Alipokuwa na wiki tatu nilimbusu pajini,
nikaonja chumvi.
Nilidhani ni yangu, vumbi la kazini kwenye masharubu.
Nikanawa uso mara mbili,
nikambusu tena.

Dakika kumi na tano. Mashine yanyamaza.
Nakunja kiganja kama kikombe, napiga mgongo,
chini ya bega, ubavuni, tena.
Kikohozi cha kwanza kikavu.
Cha pili ni cha kunifurahisha tu.
Cha tatu kina kitu.
Anatema kwenye karatasi, ananionyesha
kama aonyeshaye jino lililong’oka.
“Kubwa, sivyo?”
Kubwa, mama. Kubwa sana.

Aliyeishi miaka mingi husifiwa
kwamba amekula chumvi nyingi.
Huyu ana tisa, na yake anaivuta,
asubuhi na jioni, Krismasi na sikukuu zote.
Sijui kama huko inakohesabiwa
ya kuvuta nayo huhesabiwa.
Nachemsha kinyago. Nakipanga kwenye taulo kikauke.

Basi la shule lapiga honi.
Anakimbia, begi wazi, kofia mkononi,
na njia nzima hadi getini
chumvi inalia chini ya viatu vyake.