Bahasha ya Kuloba

Kipande kilikuja kimelala ndani ya nta,
kidogo, punje ya mtama inakizidi.
Nikakikata kwa wembamba unaoshinda ngozi ya kitunguu,
nikakitia rangi, waridi na zambarau,
nikainamia hadubini.
Nje ya dirisha Wanale imejitanda ukungu,
Mbale inachemsha chai.

Mirija, mikunjo. Njia zake nazijua
kama vichochoro vya sokoni.
Ndani ya kila mrija wamejipanga walezi,
seli ndefu, miguu ukutani, vichwa ukumbini,
kila mmoja amemshika mwenzake kiunoni
kwa nyuzi ambazo hata kioo hiki hakizioni.
Huo ndio ua.
Nje yake hupita damu na askari wake,
askari waliofundishwa utotoni nani ni wa nyumbani.
Lakini mbegu huja baadaye, ndevu zikianza kuota,
na askari hawajapata kuziona sura zao.
Wakiziona, watazikamata kama wezi.
Basi walezi hushikana.
Hunong'onezana kwa vitundu vidogo, na hushikana.

Na ikifika zamu ya mbegu changa kuvuka
ua haubomolewi.
Kwanza hufumwa mwingine nyuma yake,
fundo kwa fundo,
ndipo ule wa mbele hulegezwa,
nayo hupita bila mlango kuwahi kuwa wazi.
Miaka kumi na tisa kazini, na bado nikifika hapo
nainua kichwa, napangusa miwani.

Kwa Kuloba, ua umelegea.
Changa zimeachiliwa kabla ya wakati,
duara, hazina mkia, zimerundikana ukumbini
kama watoto waliofukuzwa shule kwa karo.

Alhamisi akaja mwenyewe, kofia mkononi,
fundi wa kusuka maghala ya mianzi, kutoka Bududa.
"Daktari ameniambia kwa lugha ya vitabu.
Wewe uliyeniona kwa ndani, niambie."

Mwaka wake wa tohara alisimama uani kwa baba yake,
unga wa mtama usoni, kisu kikapita,
hakupepesa kope, na mlima mzima ukashuhudia.
Mwanamume ndiye huyu, walisema.
Kumbe mwanamume mwingine alikuwa ndani zaidi,
pasipofika kisu wala macho ya watu,
anategemea fundo.

Nikamweleza kwa mianzi, lugha yake.
Akanyamaza. Vidole vikaanza kusuka hewa.
"Fito zipo?"
Zipo.
"Kamba, basi."
Kamba. Sijui kwa nini. Labda dawa ya kahawa
uliyobeba mgongoni tangu ujana, labda matubwitubwi,
labda kitu ambacho hatujakipa jina.
"Zitakazika tena?"
Nikasema huenda.
Nikasema pia kwamba huenda si ahadi.

Akatoka. Kwenye benchi alikuwa ameketi Khainza,
ambaye kwa miaka saba amekunywa mizizi ya kila mganga
toka Sironko hadi mpakani,
na Jumapili iliyopita tu mama mkwe alikuwa Manafwa
akiulizia binti wa watu.
Sikusikia alichomwambia.
Niliona tu jinsi alivyoketi, bega likigusa bega,
na mkono wa mwanamke ukibaki pale pale mapajani,
haukuinuka kumpokea, wala haukuondoka.

Nilidhani wameshaondoka. Akarudi mlangoni.
"Dada, kwenye bahasha mmeandika jina la mke wangu."
Kweli. Karani, kwa mazoea,
akisikia mtoto hapatikani huandika la mwanamke.
"Lifute. Andika langu. Herufi kubwa.
Mama hajui kusoma,
ila jina langu analijua.
Alilishona mwenyewe kwenye shati langu la shule."