Nimekula

Fomu ya mshauri ina maswali tisa.
Katika wiki mbili zilizopita, yauliza,
ni mara ngapi umejihisi mpweke?
Sifuri: hata siku moja. Tatu: karibu kila siku.
Natia sifuri, sifuri, sifuri,
mstari mzima wa mayai viza.
Bi Zuwena aipokea,
anitazama mimi zaidi ya karatasi,
asema, "Mlango huu hauna kufuli, mwanangu."
Natoka. Naufunga vizuri.

Hapa Tunguu najulikana kwa kisiwa tu.
"We Mpemba, tupishe." "Mpemba, una chaja?"
Siku ya kwanza darasani nilisema hino,
"kazi hino ya lini?"
wakacheka, wala si kwa ubaya, walicheka tu,
lakini tangu hapo kila neno nalipima
mara mbili, kama sonara,
na jioni duka lafungwa sijauza kitu.

Jina langu Shaame.
Siku kumi na moja hakuna aliyelitamka.
Mashine ya kadi pale maktaba iliwahi kuliandika,
nayo ikalikosea.

Usiku mama hupiga kutoka Micheweni.
Nasikia kuku wake, redio ya jirani,
mwiko ukigonga ukingo wa chungu.
"Umekula?"
"Nimekula, mama."
"Na wenzio wema?"
"Wema mno."
Kisha hukata upesi, aogopa kunimalizia salio,
hajui kwamba apigaye ndiye alipaye.
Nabaki na feni yenye bawa lililopinda,
tak, tak, kama mtu ahesabuye deni.

Kwetu kijiji kilichohamwa huitwa hame.
Mishelisheli ingali inazaa, kisima kina maji,
ila hapana wa kumwita mtu kwa jina.
Sikujua kuwa mtu naye aweza kuwa hame
huku amevaa shati la pasi
na ana alama nzuri za takwimu.

Jana, saa sita usiku, kitanda cha chini,
Tasilo, yule wa Songea
ambaye kicheko chake hujaza ukumbi wa chakula,
alikuwa ndani ya chandarua, simu kaifunika shuka,
akirekodi ujumbe wa sauti.
"Mama, shikamoo. Nimekula, usijali."
Akafuta. Akarekodi tena,
akiutafuta ule uchangamfu.
Mara ya nne ndipo akautuma.
Wala hakula. Nilimwona magharibi
akinywa maji ya bomba kama ajazaye pipa.

Nikainamisha kichwa ukingoni.
"Waambaje?"
Likanitoka, la kwetu, bila mizani.
Kimya. Feni: tak, tak.
Kisha, kutoka chini:
"Hiyo inajibiwaje?"

Tukachovya koili kwenye jagi, marufuku ile,
majani ya chai, nusu boflo ya juzi.
Maji hayajachemka, pa! dahalia nzima giza,
ghorofa zote tatu zikapiga mayowe,
na mtu akafoka kutoka koridoni,
"Nani huyo?"
Tasilo kajiziba mdomo kwa mto, mabega yamtikisika.
Nikajibu mimi, kwa sauti
niliyodhani niliisahau bandarini Wete:
"Ni sisi."

Chai haikuwa.
Zile sifuri ziko kwa Bi Zuwena,
kama nitarudi kuzifuta, sijui bado.
Tulikula mkate gizani, ukikwaruza koo.
Mama akipiga leo nitamwambia nimekula nini,
na kwamba ulikuwa mkavu.