Nusu Mkebe

Kaskazini mwa jiji, Marurui, pale lami inapokata tamaa
na vumbi kushika usukani,
kuna ng'ombe mmoja aitwaye Njata,
mistari mitano ya sukuma wiki,
na mama yangu, ambaye haamini mizani ya dukani.

Yeye hupima dunia kwa mkebe.
Mkebe wa samli, wa zamani, rangi imeutoka,
mdomo umebonyea upande mmoja
tangu Wairigia alipoupiga ngoma akiwa na miaka mitatu.
Wa unga kwa unga. Wa sukari kwa sukari.
Makaa ya moto yalibebwa kwenye kifuniko,
mbio mbio, kupitia tundu la ua wa kaiyaba,
na hayo hayakuhesabiwa.

Upande wa pili wa tundu aliishi Kwamboka.
Miaka ishirini na mmoja tulidaiwa, tukadai.
Kuku wake walitaga kwetu, kwa makusudi, nadhani.
Siku baba alipolazwa, yeye ndiye aliyemkama Njata,
na Njata, ambaye teke lake huchagua watu,
alisimama tuli kama aliyekuwa akimsubiri.

Kisha mwanawe mkubwa akaleta wapimaji,
kofia ngumu, kamba ya rangi ya chungwa.
Kwamboka hakusema wameuza.
Alisema, "Watoto wameamua."
Asubuhi ya lori, magodoro yamekwisha fungwa,
akapita tunduni mara ya mwisho
na mkebe wa sukari umejaa hadi kuchuruzika.
"Lile deni la Desemba," akasema.

Sijawahi kumwona mama akikasirika vile.
"Unataka kunilipa? Unilipe mimi?"
Dereva akapiga honi.
Wakavutana, wanawake wawili wenye magoti mabovu,
sukari ikiwamwagikia viatuni,
sisimizi wakafika kabla ya machozi.
Mwishowe mama akamimina nusu kwenye leso ya Kwamboka,
akaifunga fundo, mara mbili.
"Hii utaniletea."

Lori likashika njia ya Nyamira.
Baba akazima redio,
jambo ambalo hafanyi hata kwa msiba.

Ghorofa ilipanda haraka kuliko mahindi yetu.
Jua sasa hutufikia saa nne,
nguo za watu tusiowajua hudondokea sukuma,
na usiku kuna mtu huko juu hucheka peke yake.
"Hao ni wapangaji," mama alisema, "si majirani."
Akausugua mkebe kwa majivu, akautundika.

Jumanne moja, kamba ikashuka.
Ya plastiki, ya buluu, mwishoni kikapu,
kikapuni noti ya mia imebanwa kwa kibanio cha nguo.
Roshani ya tatu, mtandio wa kijani, uso:
"Mama Ng'ombe! Maziwa!"
Lafudhi ya mbali, ya Moyale.
Jina lake Qabale, tulilijua baadaye.

Mama akaitazama noti kama mtu atazamavyo inzi kikombeni.
Akautungua mkebe. Akakama. Akajaza.
Maziwa yakapanda, na noti yakapanda nayo.
"Mkebe wangu kesho!" akapaza sauti,
"na mtu asiupige ngoma!"

Ulirudi asubuhi, ukizunguka polepole kambani,
mtupu.
Mama akaufunua, akaanza kununa,
halafu akaingiza pua.

Moshi. Moshi mtamu wa mti tusioujua.
Qabale alikuwa ameufukiza mkebe wetu
kama wafukizavyo vibuyu kwao,
juu ya jiko la makaa, roshani ya tatu,
mlinzi akimfokea kutoka langoni.
Mama akausogeza kwa baba, baba akanusa,
akaurudisha bila neno, akanusa tena.

Jumapili Kwamboka akapiga simu.
"Bado unanidai?"
"Bado."
Kimya kidogo, kuku wa huko wakisikika.
"Lakini ukija," mama akasema,
"chai utaikuta na moshi. Usiulize."