Fomu Inadai Jina

Jani la nyanya lilifika ndani ya mfuko wa mkate,
limejikunja kama risiti iliyosahauliwa mfukoni.
Durali ameandika kwa penseli:
"Banda la tatu. Sijui nimekosea wapi."

Hicran akalisaga, akasoma herufi nne,
zile zile nne, hadi elfu sita na ushee,
akazipima na virusi vyote vilivyosajiliwa.
Hakuna ukoo uliosema: huyu ni wetu.

Saa tisa usiku. Chai imepoa.
Fomu inadai jina.
Akiandika Demre,
kesho nani Antalya atanunua nyanya ya Demre?

Anaacha pengo.

Kulipokucha akapiga simu.
"Durali, hukukosea."
Kimya. Plastiki ya banda inapigwa na upepo.
"Basi ning'oe?"
"Ng'oa."