Tundu la O

Kitabuni kwa Mwalimu Sengasu, ukurasa wa tisini na moja,
wakili Framji ananyanyua karatasi ya polisi
mbele ya dirisha la mahakama ya Tanga, saa nne asubuhi,
na kila o inapitisha jua.

Taipureta ya kituo ilikuwa na o yenye meno.
Ukiipiga, karatasi inatoboka.
Kwa hiyo *polisi* ina tundu moja, *Tanga* haina,
*Korogwe*, alikozaliwa mshtakiwa, ina mawili.
Na pale Semkiwa, mpima katani,
anapokiri, *Zaliha nilimwua*,
katikati ya miguu ya u
kuna mwanga, mdogo kama punje ya ulezi.

Kumbe alisema *nilimwoa*.
Alimwoa kwa siri. Mtu kaziba tundu kwa gundi,
kapiga u juu yake.

Watoto wa Makorora wakaigeuza utenzi wa kurukia kamba:

    Herufi moja jamani
    ilimtia kambani
    mwanga ukaja tunduni
    wakili akatambua

Mimi sikutunga kitu. Mimi ni fundi wa vifaa.
Mwaka sabini na mbili, ukumbi wa reli, walipoipandisha jukwaani,
waliniambia: Mntambo, tutengenezee karatasi.
Nikatoboa kwa sindano ya cherehani ya mke wangu
o mia moja na kumi na nne,
na ile moja ya siri.
Karabai nyuma yake. Hata waliosimama mlangoni waliona.
Zaliha hakuwa na mchezaji.
Zaliha alikuwa kanga iliyokunjwa juu ya kiti.

Kila onyesho karatasi mpya, maana Kipande wa posta,
aliyecheza wakili, akishinda kesi huichana kwa furaha.
Pangani, Maramba, kisha Muheza.
Muheza nilikuwa na homa. Nilitoboa mia moja na kumi na nne,
nikalala.

Kipande akanyanyua karatasi. Zikawaka zote.
Mahali pale, giza.
Akaigeuza. Akaisogeza kwenye taa mpaka ukingo ukanuka moshi.
Kisha akaishusha, akasema maneno yasiyomo kitabuni:
"Sina la ziada, Mheshimiwa."
Jaji, karani wa bandari, hakuwa amekariri hukumu nyingine.
Akaitafuta kinywani, akaipata:
kunyongwa.

Hakuna aliyepiga makofi.
Benchi la tatu mwanamke akasimama, kiatu kimoja mkononi.
"Leo ndiyo mmesema kweli."
Akatoka. Wengine walisema ni mdogo wake Semkiwa,
wengine, mdogo wake Zaliha.
Mke wangu akasema, kwani tofauti ni nini.

Filamu ilikuja mimi nina mvi. Vijana hawakutaka sindano.
Mwanga waliutia kwa kompyuta, ukajaa chumba kizima,
Semkiwa akalia vizuri, na mvua nje ikakoma.
Walichoniuliza ni nani aliyebadili herufi.
Kitabuni ni koplo. Jukwaani tulimtwisha kaka mtu.
Wao walimchagua jaji.
Nikawauliza, na Zaliha nani alimuua?
Wakatazamana. Mmoja akaandika swali langu kwenye kiganja.

Mwalimu Sengasu hakuiona filamu hiyo.
Lakini wiki ile tuliyorudi kutoka Muheza
nilimkuta Ngamiani, barabara ya nane, ameshika kikombe cha kahawa.
Nikamweleza yote: homa, giza, mwanamke na kiatu chake.
Nikamwomba radhi kwa kumharibia hadithi.
Alinyamaza mpaka kahawa ikapoa.
Nikaona vidole vyake viwili, vya shahada, vinagonga meza
polepole, kimoja kimoja,
kama vya mtu anayetafuta herufi.

"Taipureta yetu," akasema, "ilikuwa nzima."

Yetu.

Akanilipia kahawa, akaenda zake.