Nyuzi Mbili

Mto wetu hapa Slaithwaite ulikuwa mbea:
Jumanne ulipita na nili, Alhamisi na hudhurungi,
bonde zima likajua tumepata oda ya nani.
Siku ulipopita mweupe, wake wa wafumaji
waliweka akiba ya viazi.

Baba, Enoch Garside, wa tatu kwa jina hilo,
hakuanza salamu kwa kiganja.
Alikushika kwanza ukosi wa koti,
gumba juu, cha shahada chini, akasugua,
ndipo akauliza habari za nyumbani.
Hata mchungaji mgeni alishikwa hivyo mlangoni mwa kanisa
akaambiwa joho lake lina pamba ndani.

"Chema chajiuza," alisema.
Kibaya kijitembeze kwa akina Holroyd,
ng'ambo ya mfereji.

Kaka yangu Lewis akapewa mitambo.
Mimi, Hester, nikapewa daftari
na kile chumba chenye harufu ya mafuta ya kondoo,
harufu inayokufuata hadi kwenye harusi za watu.
Mezani tulisomana midomo.
Mitambo ilikwisha kula masikio yetu
na hakuna aliyeona ajabu.

Akafa Februari, theluji ikiwa bado kwenye paa la ghala.
Nilifungua kabati nimtafutie koti la kuzikiwa.
Nyuma ya yale ya Jumapili kulikuwa na moja nisilolijua:
lebo imekatwa kwa wembe,
pindo limefumuliwa upana wa kidole.
Mfukoni, kioo chake cha kuhesabia nyuzi
na kikaratasi cha penseli:
*Holroyd. Mtande, 64.
Sisi, 62.*
Na tarehe. Miaka kumi na moja.

Miaka kumi na moja alikaa na nyuzi mbili kifuani
akisifu kitambaa chetu mbele ya wateja!

Nikashuka ofisini na mshumaa, nikatoa daftari la mwaka ule.
Machi. Mwandiko wangu, umenyooka kama wa mtoto wa shule:
*Machanuo mapya ya mitambo, ombi la Baba.
Hapana. Fedha haitoshi.*
Sikumuuliza ya nini.
Naye, mwenye kiwanda, hakuniambia.

Holroyd mzee alikuja mazishini, kofia mkononi.
Aliponinyoshea kiganja
vidole vyangu vilikwisha kufika ukosini,
gumba juu, cha shahada chini.
Hakuondoka. Alisimama tu, akaniacha nimalize,
kama mtu anayesubiri kinyozi.
"Ni kizuri," nikasema.
"Baba yako alikwisha kuniambia," akajibu.

Jumatatu nilimwandikia fundi wa machanuo.
Lewis alisimama mlangoni, midomo yake ikisema,
pesa zitoke wapi?
Nilijifanya sikuisoma.
Dirishani mto ulipita mweupe, siku ya nne sasa,
na mkono wangu ulikuwa ukiandika
sitini na nne.